Salamu za Idi Zilizopandisha Bei ya Intaneti

"Mie sendi. Nishasema sendi. Mkitaka, nichukueni na kiti."

"Mama, hakuna anayekuchukua na kiti," alisema mume wangu, Marhoon.

"Mimi nitamchukua," nilisema. "Ofisi ya hao wa intaneti inafungwa saa nane mchana. Sasa hivi ni saa tano na robo. Gari nimeshaliwasha, kiyoyozi kinampoza nani?"

"Mama Loay, punguza sauti," aliniambia.

"Hii ndiyo niliyopunguza."

Bi Sayyida, mama mkwe wangu, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, nyuma yake pazia la manjano, mikono yake miwili imekamata mikono ya kiti. Ukimvuta yeye, kinakuja na kiti. Hapo alisema kweli.

Kwa aliyekosa safu hii wiki zilizopita nasimulia haraka, maana ugomvi wenyewe haukusubiri.

Bi Sayyida ana miaka sabini na nne. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Vuga, akaja Maskati akiwa msichana. Tunakaa naye hapa Ansab. Mkataba wa intaneti ya nyumbani uko kwa jina lake, kwa sababu kampuni (jina silitaji, wenyewe wanajijua) ilikuwa na punguzo kwa waliozidi miaka sitini. Miezi ishirini na nne, riali ishirini na mbili kwa mwezi.

Aliyekuja kutuuzia, Mutasim, ni kijana wa Kizanzibari kama sisi. Kabla hajafungua mkoba alishamtaja bibi yake. Bi Sayyida akamkumbuka huyo bibi, na mama yake huyo bibi, na ngazi za nyumba waliyokuwa wakikaa. Kijana akala halua, akanywa kahawa vikombe vitatu. Baada ya hapo, kukaa mbele yake kusoma karatasi zake ukurasa kwa ukurasa kungekuwa sawa na kumpekua mifuko.

Mimi nina diploma ya ukatibu na uendeshaji wa ofisi. Kazini nasimamia mapokezi ya kliniki ya meno, na hakuna fomu inayopita mezani kwangu bila kusomwa mpaka chini. Siku ile sikusoma. Nilimwonyesha Mama pa kuweka saini, akaweka.

Miezi kumi baadaye, asubuhi ya Idi Kubwa, simu yake ikapokea ujumbe wa kampuni kwa Kiarabu. Bi Sayyida alisoma chuo cha Kurani Unguja. Herufi za Kiarabu anazitamka kiasi kwamba imamu wetu angemwonea wivu. Kiarabu cha maofisini ndicho kinachompita. Alisoma mstari wa kwanza, ukawa wa Idi. Akaitikia. Akautuma ujumbe wote kwenye kundi la ukoo, watu arobaini na watatu. Wote wakaitikia. Mimi niliweka mawaridi matatu.

Mstari wa tano ulisema bei inapanda riali nne kwa mwezi, kuanzia Agosti.

Alipokuja kugundua mpwa mmoja, kundi zima lilicheka siku tatu. Wakatengeneza kibandiko chenye picha ya mbuzi kilichoandikwa "Idi njema, ongeza riali nne". Tangu siku hiyo Bi Sayyida hajatuma kitu kwenye kundi. Hata dua ya Ijumaa.

Mimi nikatafuta mkataba, nikausoma kama nilivyopaswa kuusoma siku ya halua. Kifungu cha kumi na nne, kwa maneno ya kawaida, kinasema hivi. Kampuni inaweza kupandisha bei katikati ya mkataba, mara moja kila mwaka, mradi ikupe taarifa. Ukipata taarifa, una siku thelathini za kuondoka bila faini. Siku ya thelathini na moja ukiwa bado upo, umekubali.

Yaani tulidhani tumeifunga bei kwa miezi ishirini na nne. Tuliofungwa tulikuwa sisi. Bei ilikuwa inatembea.

Nikahesabu siku. Ya thelathini ilikuwa ile Jumapili ya kiti.

"Riali nne," alisema Marhoon. Yeye ni mtu wa wizara; jambo likimchosha hulipeleka wiki ijayo. "Mishkaki ya jioni moja. Tulipe tupumzike."

"Leo nne. Mwakani wanapandisha tena, wamejiandikia ruhusa. Ukikaa kimya mara moja umekaa kimya mpaka mwisho."

"Nyie mnagombania riali," alisema Bi Sayyida. "Wakiikata hiyo waya, mie Zuwena ntamwona wapi?"

Marhoon akatazama zulia. Hapo ndipo palipokuwa penyewe.

Bi Zuwena ni dada yake mkubwa, yuko Unguja, na anasahau. Amewasahau wanawe wawili. Amesahau kwamba mumewe amekufa, kila wiki anaambiwa upya. Lakini kila siku baada ya Alasiri, mkwe wake anamshikia simu, na Bi Zuwena akiona kile kiti na lile pazia la manjano anasema, "Sayyida huyo!" Kisha wanazungumza mambo ya Vuga ya mwaka sitini na tano, bila kukosea mtu.

Mwaka jana mvua ilipokata intaneti siku tatu, tulimpeleka Mama kituo cha mafuta, akapiga simu akiwa ndani ya gari. Bi Zuwena alimtazama akauliza, "Mwanamke huyu anataka nini?" Ilichukua wiki mbili mpaka jina likarudi.

"Tutatumia data ya simu, Mama," alisema Marhoon.

"Wapi?" nilimuuliza. "Nyumba iko nyuma ya mlima. Humu ndani hiyo data haishiki hata ya kutuma salamu. Inashika juu ya paa tu, na Mama paa hajaliona toka tuhamie."

"Kwa magoti haya?" alisema Bi Sayyida. "Labda mnirushe."

"Hakuna wa kurushwa. Mama, nisikilize. Kifungu cha kumi na tano. Ukiomba kuondoka leo, laini haikatwi leo. Inaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Ni zaidi ya wiki tatu. Kampuni nyingine wanafunga kwa siku kumi. Zuwena hakosi hata siku moja."

Akanitazama.

"Umesoma wewe?"

"Nimesoma."

"Zamu hii umesoma?"

"Mama."

"Nauliza tu. Mwenye diploma si wewe?" Akaachia mkono mmoja wa kiti. "Na ile namba je? Ile uliyonisomea siku ya Idi, uko jikoni. Haina neno?"

"Namba gani, Mama? Unachanganya. Twende."

Aliachia na mkono wa pili, akaomba baibui lake, akavaa. Njia nzima mpaka Al Khoudh hakusema kitu. Marhoon alidhani nimemshinda kwa hoja, akanipa uso wa pongezi kwenye kioo cha gari.

Ofisi ya kampuni ilijaa wanafunzi wa chuo kikuu, kila mmoja na simu yake iliyovunjika. Tulipewa namba themanini na moja. Ilipoitwa, nyuma ya meza alikuwa Mutasim. Wamempandisha cheo.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, baba. Hujambo? Mama yako?"

"Mzima, Bibi, anakusalimu."

"Na bibi yako? Mguu?"

"Alhamdulillahi, anatembea."

"Na yule mdogo wenu aliyekwenda kusoma?"

"Keshaoa, Bibi."

"Keshaoa! Kaoa kwa nani?"

Ziliwatosha dakika kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika tano.

"Mutasim," nilisema, "tumekuja kuvunja mkataba. Kifungu cha kumi na nne, leo siku ya thelathini. Tupe fomu."

"Khalati, mama mdogo, karibu. Hilo dogo." Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha ule uso wa halua ukamtoka. "Mkataba upi?"

"Una mingapi?"

"Ule wa mwaka jana haupo tena. Ulifutwa siku ya Idi."

"Na nani?"

"Na Bibi."

Akageuza kioo cha kompyuta ili tuone. Ule ujumbe wa Idi ulikuwa na mstari wa nane, ambao hakuna kati yetu aliyeufikia. Mstari huo ulisema: kama hutaki bei ipande Agosti, gusa hapa upokee ofa ya Idi, bei ya zamani kwa miezi mitatu zaidi. Chini yake linki ya bluu. Kinachopatikana ukigusa linki ni mkataba mpya, miezi ishirini na nne mingine kuanzia mwanzo, na riali nne zinakuja vilevile baada ya hiyo mitatu.

Siku ya Idi kila mtu anatumiwa kadi zenye linki. Unagusa, linatokea jina lako na taa zinawaka. Niliyemfundisha Bi Sayyida kuzigusa ni mimi. "Ukiona kidude cha bluu, Mama, bonyeza." Maneno yangu hayo.

"Basi tunavunja huu mpya," nilisema. "Na wenyewe si una siku zake?"

"Una siku saba za kujirudi, Khalati. Zimepita. Sasa kuvunja ni faini." Akataja faini. Marhoon akakaa kwenye kiti cha mteja mwingine.

"Lakini kugusa tu!" nilisema. "Mtu anagusa kitu kwenye simu amefungwa miaka miwili?"

"Kugusa tu hapana. Mfumo unatuma namba ya uthibitisho, lazima iingizwe. Tarakimu nne. Na iliingizwa." Akasogea karibu na kioo. "Ilitumwa kwenye simu ya pili ya mkataba. Inaishia na sita saba. Hii ya nani?"

Bi Sayyida akanitazama. Marhoon akanitazama. Mimi nikatazama kiyoyozi.

Wasomaji wangu, kwa wiki tatu nimewaandikia humu makosa ya watu. Nimemwandika Mutasim na kahawa yake. Nimemwandika Mama na Kiarabu chake. Nimemwandika mume wangu na wiki ijayo yake. Wengi mmeniandikia mkinipa pole. Sasa pokeeni na hili.

Asubuhi ya Idi nilikuwa jikoni, mikono yangu miwili imo ndani ya viungo vya shuwa, ile nyama yetu ya kufukia shimoni. Simu yangu ilikuwa kwenye meza. Ikalia. Mama akaita kutoka chumbani, "Mahbuba, kadi inataka namba!" Nikainamisha kichwa, nikaona tarakimu. Juu ya tarakimu paliandikwa, kwa Kiarabu ninachokisoma vizuri sana, usimpe mtu yeyote namba hii. Nyama ilikuwa inasubiriwa shimoni. Nikapaza sauti: sita, mbili, tisa, nne. Akasema, ahsante mwanangu.

Hilo ni kosa la haraka, lingeweza kusameheka.

Lisilosameheka ni la baadaye. Bi Sayyida aliniuliza habari ya ile namba mara tatu. Mara ya kwanza siku kundi lilipoanza kucheka. Mara ya pili nilipokuwa nasoma kifungu cha kumi na nne. Mara ya tatu ni ile asubuhi, kwenye kiti. Mara zote tatu nilimjibu, "Mama, unachanganya."

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa naikumbuka mpaka harufu ya karafuu.

Na najua nilikuwa namwambia nani. Nilikuwa namwambia mwanamke ambaye dada yake anasahau, ambaye kila asubuhi anajihesabia majina ya wajukuu kwa sauti ndogo kabla hajatoka chumbani, akidhani hatumsikii. Alipoacha kutuma dua za Ijumaa nilisema amenuna. Hakununa. Alikuwa anajichunga.

"Yangu," nilisema. "Sita saba ni yangu. Namba nilimsomea mimi."

Mutasim akaitazama kalamu yake.

"Kwa hivyo sikuchanganya," alisema Bi Sayyida.

"Hukuchanganya, Mama."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Mara tatu."

"Ukanambia nachanganya."

"Nilikwambia."

Marhoon akafungua mdomo, nikamwashiria aufunge, akaufunga. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa ni mara ya kwanza.

"Mie nikenda chooni nikawa najiuliza nimekuja kufanya nini," alisema Bi Sayyida, hakuwa akimwambia mtu. "Nikasema basi. Ndo yaanza."

Nilitaka kumshika mkono. Aliuweka ndani ya baibui.

"Khalati," alisema Mutasim polepole, "hapo kuna njia. Kama namba ilitolewa na mtu ambaye si mwenye mkataba, ile ofa ina kasoro. Mnaweka pingamizi. Likikubaliwa, mkataba mpya unafutwa, wa zamani unarudi, na mnatoka bila faini, kwa sababu mmefika ndani ya siku thelathini. Lakini mtu huyo lazima aandike kwa mkono wake alichofanya, atie saini. Inabaki kwenye faili."

"Lete."

"Bado, Khalati. Pingamizi likiingia, laini inafungwa kwa uchunguzi. Ndani ya saa moja. Siku kumi."

"Siku kumi bila intaneti?"

"Siku kumi."

"Na kampuni nyingine kufunga?"

"Hawawezi kugusa ule waya uchunguzi haujesha."

Zile wiki tatu za kifungu cha kumi na tano, nilizomtolea nazo Mama nyumbani, zikaisha palepale.

Marhoon akasimama. "Khalas, basi. Tulipe hizo riali nne. Miaka miwili si mingi. Mama, wallahi, Bi Zuwena kwanza. Mahbuba kesha kusema ukweli, yamekwisha, twendeni nyumbani."

Na mimi, niseme kweli kwa mara ya pili siku moja, nilikuwa tayari kumfuata. Nimeshaungama, hakuna aliyenipiga, karatasi haijaandikwa. Nilinyanyua mkoba.

"Kaa," alisema Bi Sayyida.

Nikakaa.

"Wewe Mutasim. Hiyo karatasi, akiandika, inasemaje? Inasema mie sina kosa?"

"Inasema Bibi hakukubali mkataba mpya. Alikubalishwa bila kujua."

"Na akili zangu zimo?"

Mutasim akaipitia fomu kwa kidole. "Hilo halimo kwenye fomu, Bibi."

"Litiwe. Mahbuba, andika."

Niliandika. Fomu ilikuwa na mistari sita. Mimi, Mahbuba, siku ya Idi, nilimsomea mwenye mkataba namba iliyotumwa kwenye simu yangu, bila kumweleza ni ya nini, na bila mwenyewe kujua anaingia mkataba. Mistari ikaisha.

"Soma," alisema Bi Sayyida. Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Ongeza na lile la kuchanganya."

"Nafasi imekwisha, Mama."

"Geuza nyuma."

Nikageuza nyuma. Nikaandika kwamba mwenye mkataba aliniuliza mara tatu, na kumbukumbu yake ilikuwa sahihi mara zote tatu, na mimi nilimkanusha nikijua. Mutasim alisema kampuni haihitaji sehemu hiyo. Bi Sayyida alimwambia yeye anaihitaji, na aipige picha, amtumie kwenye simu.

"Mama," alisema Marhoon, "na Bi Zuwena? Siku kumi. Atakusahau."

"Paa lina ngazi ngapi?"

Tulitazamana.

"Ishirini na mbili," nilisema. Nafagia mimi, najua.

"Basi ntapanda ishirini na mbili. Na kiti changu utakipandisha wewe. Na pazia. Na kesho vilevile, mpaka siku kumi zishe. Weka saini."

Nikaweka saini. Bi Sayyida akaweka ya kwake chini yangu, kwa herufi za chuo, nzuri kuliko zangu. Mutasim akapiga muhuri saa nane kasoro dakika kumi na sita. Nje, kabla hatujafika kwenye gari, picha ya fomu ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya Mama. Akaituma kwenye kundi la ukoo. Pande zote mbili.

Simu yangu ilianza kulia tukiwa barabarani. Sikuitazama. Marhoon alikuwa anaendesha kwa makini makubwa, kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.

Tulipofika Ansab, taa ya kile kisanduku cha intaneti ilikuwa nyekundu.

Hatukula. Nilivua abaya, nikamwita Marhoon alete ngazi ndogo, nikalishusha pazia la manjano na fimbo yake. Kisha kiti. Kile kiti ni cha mbao ya zamani, kina mikono na kina uzito wa mtu mzima. Nilikipakia mgongoni. Ngazi za kuelekea paani ni nyembamba, kona moja, hazina kiyoyozi. Kwenye kona mguu wa kiti ulikwangua rangi ya ukuta kutoka juu mpaka chini.

"Polepole na kiti changu!" sauti ikatoka chini.

Juu kulikuwa kama ndani ya tanuri. Nilichagua kivuli cha tangi la maji, nikakiweka kiti. Pazia nikalifunga upande mmoja kwenye bomba la tangi, upande wa pili kwenye nguzo ya dishi, kwa vibanio vya nguo kumi na vinne. Nikatandika mkeka wa kuswalia chini ya kiti ili asiunguze miguu.

Bi Sayyida alipanda akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Alipumzika ngazi ya tano. Akapumzika ya kumi na moja, kwenye kona, akaukagua ukuta uliokwanguliwa, akasema, "Hata ukuta." Ya kumi na saba alikaa kabisa, uso mwekundu, na Marhoon akanitazama kwa macho ya kuniomba niseme basi. Sikuwa na haki ya kusema basi. Nilimpa maji. Akanywa, akanirudishia glasi bila kunitazama, akanyanyuka.

Alipofika juu akalitazama pazia langu.

"Kushoto zaidi. Kule chumbani mkunjo mkubwa uko kushoto."

Nikausogeza mkunjo.

"Kibanio kile kinaonekana. Zuwena hana kibanio kwenye pazia lake."

Nikakificha.

"Diploma nzima," alisema, akakaa.

Kutoka msikiti wa chini walisikika watu wakitoka Alasiri. Marhoon akaishika simu mbele ya mama yake, mikono imenyooka, jasho linamtiririka kwenye kofia yake ya kazi. Vijistari vya mtandao vilikuwa viwili. Vikawa vitatu. Mimi nilisimama pembeni nimeshika ncha ya pazia kwa chini ili lisiruke.

Ikalia mara saba. Mkwe akapokea, akageuza simu, uso wa Bi Zuwena ukajaa kwenye kioo.

"Asalaam alaykum, dada," alisema Bi Sayyida.

Bi Zuwena hakuitikia. Alimtazama. Akasogea karibu, akamtazama tena, vilevile kama alivyomtazama siku ya kituo cha mafuta. Niliona vidole vya Bi Sayyida vinaikamata mikono ya kiti.

Upepo wa moto ukapita, ukaninyang'anya ncha ya pazia. Pazia likajaa kama tumbo, likashuka, likajaa tena.

"Hilo pazia," alisema Bi Zuwena.

"Naam, dada."

"Leo mbona linacheza?"

Bi Sayyida akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Bi Zuwena kule Unguja naye akacheka, akamwonyesha mkwe wake kwa kidole, tazama, tazama linavyocheza, na mimi nikaliacha licheze litakavyo.

Walizungumza dakika ishirini. Walizungumza habari za pazia.

Jina Bi Zuwena hakulitaja. Zimebaki siku tisa.